Mafundisho ya Budha kwa wenye nyumba, kazi na watoto: mwongozo kamili wa kurahisisha maisha

Mtu mmoja wa Wakoliya, kabila la enzi za Budha, jina lake Dighajanu, alimwendea Budha akamweleza hali yake bila kuficha: sisi ni watu wa nyumbani, tunalala tumebanana na watoto, tunajipaka msandali, tunavaa mashada ya maua, dhahabu na fedha tunapokea. Tufundishe kitu kitakachotufaa watu kama sisi. Budha hakumwambia aache nyumba yake. Alimpa mambo manne: fanya kazi kwa bidii na ustadi, linda ulichochuma kwa jasho lako, shikamana na marafiki wema, na matumizi yako yalingane na kipato chako.

Mazungumzo hayo yamo katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Kibudha, na yako mengine ya namna hiyo: ushauri kwa kijana Sigala kuhusu mali na familia, ushauri kwa mfalme Pasenadi kuhusu sahani yake, ushauri kwa Rahula, mwana wa Budha mwenyewe, kuhusu kujikagua. Hayo ndiyo tumeyatumia hapa, kwa sababu yaliwalenga watu wenye kodi ya kulipa na watoto wa kulisha.

Mpangilio wa hatua una maana yake. Watu wengi wakivutiwa na Ubudha huanza kwa kukunja miguu na kufumba macho, na wiki ya pili wameshaacha. Katika nchi kama Sri Lanka, Thailand na Myanmar, mafundisho kwa mtu wa kawaida hupangwa vingine: kwanza kutoa, pili mwenendo, tatu kuilea akili. Ukikaa kimya na jana yake ulidanganya mtu, kitakachokaa nawe ni ule uongo. Ukikaa kimya huku unadaiwa kila kona, utahesabu madeni badala ya pumzi. Mwenendo ukitulia, akili hupata nafasi.

Huhitaji kubadili dini. Hakuna hatua humu inayodai usujudie sanamu au ukane imani yako, na Muislamu au Mkristo atakuta mengi anayoyafahamu tayari. Budha aliwaambia watu wa Kalama, huko Kesaputta, wasilikubali jambo kwa sababu tu limerithiwa au limesemwa na mwalimu wao. Alitaka walijaribu wenyewe, waone kama linaleta madhara au manufaa. Nawe fanya vivyo hivyo.

Jambo moja la kulielewa kabla ya kuanza

Hotuba ya kwanza ya Budha, aliyoitoa Sarnath karibu na mji wa Varanasi mbele ya wenzake watano, inasema maisha yana dukkha: maumivu ya wazi, lakini pia ile hali ya kutoridhika hata mambo yakiwa mazuri. Sababu yake ni tanha, yaani kiu: kiu ya kupata raha, kiu ya kuwa fulani, kiu ya kutaka jambo lisiwepo. Kiu hiyo inaweza kukoma, na njia ya kuikomesha ipo.

Kwa matumizi ya kila siku, shika mfuatano mmoja tu. Kitu kinagusa jicho, sikio au akili. Inazaliwa hisia, nayo ni tamu, chungu, au si tamu si chungu. Baada ya hisia inakuja kiu. Baada ya kiu, kung'ang'ania.

Chukua jioni ya kawaida. Uko kitandani, unapitisha kidole kwenye simu, picha ya viatu inatokea. Jicho limegusa. Kifua kinapata joto kidogo: hiyo ni hisia tamu, na haina kosa lolote. Kisha kidole kinasimama, mwili unasogea mbele kidogo, pumzi inafupika, na sentensi inajiunda kichwani: “Vile nilivyonavyo vimechakaa.” Hiyo ndiyo kiu, na tayari imeshajitafutia sababu. Nafasi ya kufanya kazi ipo kati ya lile joto la kifuani na ile sentensi. Ni nafasi fupi, lakini hurefuka kwa mazoezi. Hatua zote zinazofuata zinakusaidia kufika pale mapema.

Hatua ya kwanza: toa, na usafishe kabati

Kutoa kunaanza kwa kiasi kidogo kisicholeta deni, na kwa siku maalumu. Elfu mbili kila Ijumaa au Jumapili, kilo moja ya unga kwa jirani aliyekwama, saa moja ya kumpeleka mzee kliniki. Kiasi kiwe cha kutosha ukione kimetoka, kisiwe cha kukufanya ukope Jumatano. Maandiko yanataka moyo uangaliwe mara tatu: uwe na furaha kabla ya kutoa, utulivu wakati wa kutoa, na ridhaa baada ya kutoa. Ile ya tatu ndiyo huharibika zaidi. Mtu anatoa, kisha anasubiri kushukuriwa, au anapiga picha na kurusha kwenye status. Hapo utoaji umegeuka biashara, na shukrani isipokuja anaumia. Ukiona unasubiri asante, wiki ijayo toa kwa njia ambayo mpokeaji hatajua imetoka kwako.

Baada ya wiki mbili hivi, ingia kabatini. Watawa wa Kibudha wanaruhusiwa mahitaji manne: vazi, chakula, makazi na dawa, na hukariri kazi ya kila kimoja kabla ya kukitumia. Vazi ni la kukinga baridi, joto, mbu, upepo, jua na wadudu watambaao, na kusitiri mwili. Chakula si cha mchezo wala cha kujipamba, bali cha kuudumisha mwili na kutuliza njaa. Swali hilo la “hiki kinakinga nini?” linapasua kabati kuliko swali la “nakipenda?”, kwa sababu kupenda hakuna mwisho.

Tenga asubuhi moja, eneo moja tu. Toa nguo zote ziweke kitandani, hata zile za chini ya sanduku. Ukiziacha ndani utazihurumia. Shika moja moja. Ya kazi, ya nyumbani, ya ibada, ya harusi na msiba, ya baridi ya Juni: hizo zina kazi, zirudi. Iliyobaki igawe mafungu mawili, ya kutoa na ya matambara. Ya kutoa ifuliwe, vifungo vishonwe, ipigwe pasi. Kumpa mtu nguo iliyochanika ni kumhamishia takataka zako.

Hapa kuna makosa mawili yanayorudia. La kwanza ni sanduku la “itakuja kunifaa”. Lifunge kwa gundi ya karatasi, andika tarehe juu yake, na lisipofunguliwa kwa miezi 6 lipeleke kama lilivyo, bila kulichungulia. La pili ni kusafisha vitu vya mwenzako. Usiguse nguo ya mume, mke au mtoto mkubwa bila ridhaa yake; usahilishaji unaofanywa kwa mabavu huzaa ugomvi.

Hatua ya pili: ahadi tano

Wabudha wa kawaida hujifunza kujiepusha na kuua kiumbe, kuchukua kisichotolewa, uzinzi, kusema uongo, na ulevi unaoleta uzembe. Maneno yake kwa Kipali ni ya mwanafunzi: “naichukua kanuni ya mafunzo ya kujiepusha na…” Mtu akianguka, anaichukua upya kesho yake.

Usizibebe zote kwa mkupuo. Shika moja kwa wiki, uichunguze hadi kwenye kona zake. Wiki ya “kisichotolewa” utakuta mambo ambayo hujawahi kuyaita wizi: chenji iliyozidi uliyoinyamazia, kitabu cha watu kilichokaa kwako mwaka mzima, bando la ofisi, dakika 40 za kuchelewa unazomfanya mwenzako azilipe kwa kukusubiri. Wiki ya uongo, angalia hasa “niko njiani” ukiwa bado unatafuta soksi. Uongo mdogo huo una gharama: lazima uukumbuke, uulinde, na uuongezee mwingine. Anayeuacha kwa wiki moja huona akili imepungukiwa na mzigo ambao hakujua anaubeba.

Ahadi ya tano, ya ulevi, imewekwa kwa sababu inafungua mlango wa kuvunja zile nne. Kama unywaji umekuwa wa kila siku na mikono hutetemeka ukikosa, usiache ghafla peke yako. Nenda hospitali kwanza, kwani kuacha ghafla kunaweza kuwa hatari kwa mwili.

Mara moja kwa mwezi unaweza kuongeza siku ya mbalamwezi. Sri Lanka kila siku ya mwezi mpevu ni sikukuu ya umma, inaitwa Poya, na pombe haiuzwi siku hiyo. Walio makini huchukua ahadi nane badala ya tano: kati ya zilizoongezeka ni kutokula chakula baada ya saa sita mchana hadi alfajiri, kuacha burudani na mapambo, na kutolala kwenye kitanda cha anasa. Toleo la nyumbani ni jepesi: chakula cha mchana kiishe kabla ya saa sita, kisha maji tu, simu bila video wala muziki, godoro chini. Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na anayetumia dawa za kumezwa na chakula aiache sehemu ya kufunga, ashike zilizobaki.

Hatua ya tatu: pesa

Ushauri kwa Sigala, mwana wa tajiri wa Rajagaha, unataja mgawo kamili: mali igawanywe mafungu manne, moja la matumizi, mawili ya kuendeshea kazi, na la nne liwekwe akiba kwa siku ya shida. Fundi cherehani anayekusanya shilingi 600,000 kwa mwezi angetenga 150,000 za nyumbani, 300,000 za vitambaa, uzi, umeme na matengenezo ya mashine, na 150,000 akiba.

Mgawo huo unamfaa mfanyabiashara, ambaye mtaji wake lazima uzunguke. Mwenye mshahara hawezi kula robo tu, hasa akiwa amepanga mjini, na akijilazimisha atavunja akiba kabla mwezi haujaisha, kisha atakata tamaa. Achukue mpangilio wa fikra, aache hesabu ya robo. Fungu la “kazi” kwake ni nauli, mafunzo, vifaa, na kulipa deni lililomletea kipato. Aanze hivi: siku 30 aandike kila senti inayotoka, hata ya kashata, bila kubadili chochote. Mwezi wa pili atoe akiba siku ileile mshahara unapoingia, asilimia 5, ipelekwe mahali pasipo na kadi wala menyu ya simu ya kuitoa haraka, kama kikoba au akaunti ya muda maalumu. Mwezi wa tatu na kuendelea aongeze asilimia 1 au 2, hadi afike pale panapobana bila kuumiza. Anayeanza na asilimia 25 kwa hamasa huishia sifuri.

Kwa ununuzi usio wa chakula, dawa au shule, tumia daftari. Andika kitu, bei na tarehe, kisha subiri siku 3. Kikizidi mshahara wa siku tatu, subiri siku 30. Kiu ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe ukiiangalia bila kuilisha. Utashangaa ni vitu vingapi utakavyovifuta kwa mkono wako mwenyewe bila kuhisi umenyimwa.

Sigala aliambiwa pia kuhusu mifereji inayomwaga mali: ulevi, kuzurura mitaani saa mbaya, kufukuzia starehe, kamari, marafiki wabaya na uvivu. Juu ya kamari maelezo yake yanafaa kubandikwa kila mahali vijana wanapochana mikeka ya kubeti: anayeshinda huchukiwa, anayeshindwa huilia mali yake, mali huyeyuka mchana kweupe, neno lake halina uzito barazani, rafiki humdharau, na hakuna anayetaka kumwoza. Kama umeshazoea kubeti, utashi pekee hautoshi. Futa programu kwenye simu, omba akaunti ifungwe, na kwa miezi 3 mpe mtu unayemwamini akutunzie pesa zinazobaki baada ya kodi na chakula.

Humo humo Budha anataja haki za wafanyakazi wa nyumbani, na ni aibu jinsi zinavyosahauliwa. Kazi iwe ya kadiri ya nguvu zake. Alipwe na alishwe. Auguzwe anapougua. Kikiletwa chakula kitamu, naye apate. Apumzishwe kwa wakati. Kama una dada wa kazi nyumbani, yapitie hayo matano leo usiku, moja moja, kwa saa na kwa shilingi: anaamka saa ngapi, analala saa ngapi, siku yake ya mapumziko ni ipi, mshahara umechelewa mara ngapi, kuku akipikwa anapata kipande gani. Hakuna taamuli, yaani kukaa kimya na kuilea akili, itakayokuletea amani ndani ya nyumba ambamo mtu mmoja anachakaa ili wengine watulie.

Hatua ya nne: sahani

Mfalme Pasenadi wa Kosala alikuwa mlaji mkubwa. Siku moja alifika kwa Budha ameshiba hadi anahema. Budha akamtungia beti fupi: anayekumbuka kiasi chake katika chakula hupungukiwa na maumivu, na huzeeka taratibu akitunza uhai wake. Mfalme akamwajiri kijana wa kuikariri beti ile kila anapokula, akapunguza chakula kidogo kidogo hadi mwili ukawa mwepesi.

Mfalme hakubadili mapishi, bali aliweka ukumbusho mahali pa tendo lenyewe, na hilo ndilo la kuiga. Chagua mlo mmoja kwa siku. Simu iwe chumba kingine, televisheni izimwe. Pakua robo pungufu ya kawaida yako. Ukihitaji utaongeza, na kwenda kuongeza kutakupa nafasi ya kujiuliza. Tonge la kwanza tafuna hadi liishe kabisa kabla ya mkono kurudi kwenye sahani. Katikati ya mlo, pumzika pumzi tano. Mwisho wa mlo jiulize kama bado ni njaa au ni utamu tu.

Hatua ya tano: ulimi

Maandiko yanataja sifa tano za neno jema: limesemwa kwa wakati wake, ni la kweli, ni laini, lina faida, na limetoka kwenye moyo wa kutakia mema. Wengi hukagua ukweli tu. “Lakini si kweli?” ndiyo kinga ya kila msengenyaji. Neno la kweli lililosemwa msibani, mbele ya watoto, au ili kumdhalilisha mtu, limefeli katika mengine manne.

Kwenye makundi ya WhatsApp, andika jibu, kisha weka simu kifudifudi na hesabu pumzi kumi. Ulisome tena ukiwa upande wa anayelipokea. Ujumbe wa sauti ukiwa umekasirika usitume kabisa; hasira husikika hata maneno yakiwa ya adabu, na haufutiki masikioni.

Ukitukanwa, mfano wa Budha mwenyewe unasaidia. Brahmini mmoja, mtu wa tabaka la makuhani wa India, alimjia akimporomoshea matusi. Budha akamuuliza: ukiwaandalia wageni chakula wasikile, kinabaki cha nani? Changu, akajibu. Basi, akasema Budha, na haya matusi sijayapokea, yamebaki yako. Kwa vitendo: sikia joto linalopanda usoni, tuliza nyayo chini, sema sentensi moja tu (“nimekusikia, tutazungumza kesho”), ondoka. Kama anayekutukana pia anakupiga au anakutishia, somo hili si lake. Toka, tafuta ndugu, mjumbe wa mtaa, au dawati la jinsia la polisi. Subira ya Kibudha haijawahi kuwa amri ya kukaa chini ya kipigo.

Hatua ya sita: kukaa na pumzi

Sasa ndipo pa kukaa. Dakika 10 kwa siku zinatosha mwezi wa kwanza, saa ileile na mahali palepale, vizuri zaidi alfajiri kabla nyumba haijaamka.

1. Kaa kwenye mkeka juu ya blanketi lililokunjwa nene, nyonga ziwe juu kuliko magoti. Magoti yakikataa, tumia kiti, nyayo zote chini, mgongo usiegemee. Mgongo wima bila kukakamaa, mikono mapajani, kidevu kimeinama kidogo.

2. Weka kengele ya simu, uizime intaneti, kisha usiangalie saa tena.

3. Tafuta pumzi pale inapohisika wazi: puani au tumboni. Chagua moja usihamehame. Pumzi ndefu, jua ni ndefu. Fupi, jua ni fupi. Usiisahihishe.

4. Hesabu kila pumzi inapotoka, moja hadi kumi, kisha rudi moja. Buddhaghosa, mwanazuoni aliyeandika Sri Lanka karne ya 5, alielekeza hesabu isipungue tano wala isizidi kumi: ikiwa fupi akili hubanwa ikapapatika, ikiwa ndefu huishia kushughulika na namba badala ya pumzi.

5. Ukijikuta uko sokoni au kwenye ugomvi wa juzi, sema kimoyomoyo “kufikiri”, rudi kwenye moja. Kule kugundua kwamba umepotea ndilo zoezi lenyewe, kwa hiyo siku uliyorudi mara 50 umefanya kazi kubwa.

Watu hukwama hapa kwa sababu zinazojulikana, na maandiko yanaziita vizuizi vitano: tamaa, chuki, uzito na usingizi, mahangaiko, na shaka.

Usingizi ndio unaolalamikiwa kuliko vyote, na Moggallana, mwanafunzi mkuu wa Budha, alipewa dawa zake kwa mpangilio. Badilisha kile ulichokuwa unakifikiria. Usipopona, kumbuka mafundisho na uyachambue. Kisha yakariri kwa sauti. Bado? Vuta masikio yote mawili na usugue mikono na miguu. Simama, nawa macho kwa maji, tazama huku na huku, tazama nyota. Fikiria mwanga. Tembea mbele na nyuma. Yote yakishindikana, lala ubavu wa kulia ukikusudia kuamka mapema. Tunaipenda orodha hii kwa sababu mwisho wake unakiri kwamba wakati mwingine mtu amechoka kweli. Mama anayenyonyesha, mlinzi wa zamu ya usiku na dereva wa masafa marefu waanze na kulala.

Mahangaiko hutulizwa kwa kurefusha pumzi ya kutoka mara tano za mwanzo, au kwa kutembea: chagua njia ya hatua 20 hadi 30 uani, tembea polepole ukihisi nyayo, geuka, rudi. Miguu ikifa ganzi, sogeza taratibu, hakuna tuzo ya kuvumilia ganzi. Adhana, majogoo na pikipiki viache viwe sauti. Ugomvi ni ile sentensi inayofuata, “kwa nini hawanyamazi”. Mbu je? Funga neti, ukae ndani yake.

Chuki ina zoezi lake, la kutakia mema. Anza na wewe: “niwe salama, niwe na amani, niishi kwa wepesi.” Kisha mtu aliyekutendea wema, rafiki, mtu usiyemjua vizuri kama konda wa asubuhi, na mwisho kabisa mtu mgumu. Buddhaghosa anaonya mwanzoni usimtumie unayemtamani kimapenzi wala marehemu. Na anayeanza moja kwa moja na adui huondoka na hasira mpya. Kaa wiki nzima kwa kila mmoja kama inahitajika.

Acha kukaa kwa muda na umwone daktari au mshauri nasaha kama kila ukifumba macho kumbukumbu za ukatili zinakuvamia, kama usingizi umekatika kwa siku nyingi, au kama mawazo ya kujidhuru yanakuja. Kutembea na kufanya kazi za mikono ni salama zaidi katika kipindi hicho.

Hatua ya saba: kujikagua mara tatu

Budha alimfundisha Rahula kulitazama kila tendo, neno na wazo mara tatu: kabla, wakati linaendelea, na baada yake. Swali ni lilelile: je, linanidhuru mimi, linamdhuru mwingine, au sote wawili? Likidhuru kabla, usilifanye. Likidhuru katikati, liache hapo hapo. Likiwa limeshadhuru, tendo au neno hilo lifunulie mtu mwenye busara na ujizuie mbeleni; wazo baya lionee aibu, uliache. Likiwa jema, ishi na furaha yake ukiendelea kujifunza mchana na usiku.

Fanya hivyo usiku kwa dakika 5, kwa daftari. Mistari mitatu inatosha: moja lililodhuru, moja lililofaa, moja la kurekebisha kesho pamoja na jina la mtu wa kuombwa radhi na saa ya kumpigia. Watu waadilifu huwa wanaruka mstari wa lililofaa kwa kuona ni majivuno. Wasiuruke. Anayeandika makosa peke yake hugeuza ukaguzi kuwa kesi, na baada ya mwezi hulikimbia daftari.

Juhudi iwe kiasi gani? Sona, aliyekuwa mpigaji hodari wa vina, ala ya nyuzi ya Kihindi, kabla ya kuwa mtawa, alitembea akitafakari hadi nyayo zikavuja damu, akataka kuacha. Budha akamuuliza kama ala yake ililia vizuri nyuzi zikikazwa mno, au zikilegezwa mno. Ukiona umeanza kuwakaripia watu wa nyumbani kwa sababu wanakuvurugia utulivu, umekaza mno. Punguza dakika, rudi kwenye kutoa. Ukiona siku tatu zimepita bila hata pumzi moja uliyoijua, umelegeza. Rudi kwenye dakika 5, saa ileile.

Ukitaka kujifunza na wengine

Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu la Kibudha ambalo mizizi yake ni jumuiya ya Wasinhala waliokuja Afrika Mashariki mapema karne ya 20, na lina mti wa bodhi. Uganda, Garuga karibu na Entebbe, kuna Kituo cha Kibudha cha Uganda kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Wasiliana nao kabla ya kwenda, uulize siku ya taamuli ya pamoja.

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, ya rangi tulivu. Viatu vinaachwa mlangoni. Ukikaa chini, usinyooshe nyayo kuelekea sanamu wala mtawa. Kunja miguu upande mmoja. Mtawa anaitwa Bhante, na mwanamke hampi mkono, anamsalimia kwa viganja vilivyounganishwa kifuani. Ukileta kitu, kiweke mezani mbele yake au mpe msaidizi. Chakula hupelekwa asubuhi, kwa kuwa baada ya saa sita mchana watawa hawali. Mafundisho hayauzwi. Kuna sanduku la sadaka, na kiasi ni hiari yako.